Sukari Inayotawaliwa na Jicho

Kaa wa ziwa Kivu hana kongosho. Anayepindua mawe kwenye ufuo wa Gisenyi, Rwanda, au anayefua nguo kwenye vijito vinavyoteremka ziwani, humkuta mara kwa mara: mgongo wa rangi ya udongo, gando moja kubwa kuliko jingine, na macho mawili yaliyosimama juu ya vikonyo. Akiguswa, hulaza vikonyo vyake kwenye vijishimo vya usoni, macho yakapotea. Watoto hucheka. Wanasayansi nao wamevikodolea vikonyo hivyo kwa miaka zaidi ya themanini, kwa sababu humo ndimo inamotawaliwa sukari ya damu ya mnyama mzima.

Kaa hawa wa maji baridi ni wa jenasi ya Potamonautes, iliyoenea sehemu kubwa ya Afrika. Spishi moja imebeba jina la kisiwa cha Idjwi, kilicho katikati ya Kivu. Mtaalamu wa Marekani, Fenner Chace, ndiye aliyeiweka kwenye vitabu vya sayansi mwaka 1942. Kaa hawa hawakanyagi bahari hata siku moja. Jike hubeba mayai chini ya tumbo, na kinachoanguliwa ni kaa mdogo aliyekamilika miguu na magando. Damu yao si nyekundu, kwa kuwa hubeba hewa kwa madini ya shaba badala ya chuma, na ikikutana na oksijeni hugeuka samawati. Haizunguki ndani ya mishipa iliyofungwa kama yetu. Hutoka kwenye moyo ikaosha viungo moja kwa moja, kisha ikarudi.

Sasa turudi kwenye sukari. Kwa binadamu habari hii inajulikana hadi vijijini: kongosho hutoa insulini inayoshusha sukari, na hutoa pia glukagoni inayoipandisha. Tangu Frederick Banting na Charles Best walipofanya majaribio yao Toronto mwaka 1921, dunia imezoea kuitazama sukari ya damu kwa jicho la insulini, yaani kwa hofu ya kupanda. Kwa kaa na kamba mizani imelalia upande wa pili. Homoni kuu inayojulikana kwao ni ya kupandisha. Kazi yake ni kuhakikisha sukari inapatikana mara moja pale mnyama anapoihitaji: anapokimbia, anapokosa hewa, anapopigana, anapojivua gamba.

Ugunduzi wenyewe ulifanyika vita vya pili vya dunia vikiwa bado vinanguruma. Mwaka 1944 Abramowitz, Hisaw na Papandrea walichapisha Marekani matokeo ya jaribio ambalo hata maabara maskini ingeliweza. Walichukua vikonyo vya macho ya kaa, wakavitengenezea maji ya dawa, wakamdunga kaa mwingine, kisha wakapima damu yake. Sukari ikaruka. Wakasema ndani ya jicho kuna kitu kinacholeta hali kama kisukari. Maneno hayo yalipita kiasi, maana kaa wao hakuwa mgonjwa, bali alikuwa amepokea amri. Lakini jambo lenyewe waliliona sawasawa, na hakuna aliyewahi kulipindua.

Mwenye darubini ndogo na mkono usiotetemeka anaweza kuona amri hiyo inapohifadhiwa. Ukipasua gamba laini la kikonyo, katikati ya nyama na neva hujitokeza doa dogo la weupe wa kisamawati, linalometa kidogo taa inapoliangukia. Hiyo ndiyo tezi inayohifadhi homoni. Haitengenezi chochote yenyewe. Watengenezaji ni kikundi kidogo cha seli za neva zilizo jirani, humo humo kikonyoni, ambazo hupeleka homoni kupitia nyuzi zao hadi kwenye doa lile na kuiacha hapo ikingoja. Ishara ikitoka ubongoni, doa humwaga homoni ndani ya damu.

Inapokwenda ni kwenye misuli, na kwenye tezi kubwa ya kifuani inayofanya kazi ya ini na ya kongosho la kusagia chakula kwa pamoja. Ni ile nyama laini ya njano au kijani ambayo walaji wa kaa wa Mombasa na Zanzibar huigombania. Huko sukari imewekwa akiba kwa namna ya glaikojeni, kama unga uliofungwa guniani usiku wa kabla ya msafara. Homoni ikifika, vimeng'enya vya kuvunja glaikojeni huamshwa, vile vya kuihifadhi hutulizwa, na glukosi huanza kumiminika kwenye damu. Baada ya saa moja au mbili kipimo huwa kimepanda mara kadhaa. Ni kupanda kutoka chini sana, maana kaa aliyetulia ana sukari kidogo kuliko mtu aliyelala njaa.

Na anayeisimamisha ni nani, kama hakuna insulini ya kuishusha? Jibu moja lilitolewa mwaka 1997 na watafiti waliomchunguza kaa wa pwani ya mashariki ya Marekani aitwaye Cancer borealis. Waliona kwamba seli zile zile za kikonyoni zinaihisi glukosi. Sukari ikiongezeka kwenye damu inayoziosha, seli hupoa na kuacha kutoa homoni. Kwa maneno mengine, mpandishaji hujizuia mwenyewe. Asidi ya laktiki, ile inayojaa kwenye msuli uliochoka, hufanya kinyume: huzichochea seli ziendelee. Kaa aliyekimbizwa hadi akachoka ana laktiki nyingi, basi homoni inazidi, sukari inazidi, na ana nguvu za kukimbia tena. Ni mpango usio na mapambo, lakini umefanya kazi kwa mamilioni ya miaka.

Insulini si kwamba haipo kabisa. Kamba na kaa dume wana homoni ya ukoo wa insulini, ila imepewa kazi nyingine isiyotarajiwa: inaamua udume. Kundi la Amir Sagi wa Chuo Kikuu cha Ben-Gurion, Israel, limeonyesha kwamba ukiizima homoni hiyo kwa kamba mkubwa wa maji baridi, dume hugeuka kuwa jike na kuweza kutaga.

Muundo wa homoni ya sukari ulijulikana kikamilifu mwaka 1989, kutoka kwa kaa wa pwani za Ulaya: mnyororo wa amino asidi 72, uliofungwa kwa vifungo vitatu. Ulipojulikana, ndugu zake wakaanza kujitokeza kila mahali. Ile inayomzuia kaa asijivue gamba kabla ya wakati ni ndugu. Ile inayozuia mayai yasikomae ni ndugu pia. Nzige wa jangwani, hao hao waliofunika anga la Kenya mwaka 2019 na 2020, wana homoni ya ukoo huo inayosimamia chumvi na maji kwenye utumbo. Na mwaka 2015 ikachapishwa habari ya kustaajabisha kuliko zote: baadhi ya buibui na tandu wamechukua homoni ya ukoo huu, wakaibadilisha kidogo kidogo kizazi kwa kizazi, na leo wanaitumia kama sumu ya kuumiza mawindo.

Jambo linalostahili kukaliwa zaidi ni kujivua gamba, kwa kuwa hapo sukari na homoni hukutana kwa namna isiyoonekana kwa mnyama wa damu moto. Gamba la kaa si chokaa tupu. Limejengwa juu ya kitini, na kitini hutengenezwa kutokana na sukari. Kwa hiyo kaa anayejiandaa kuvua anahitaji akiba mbili kwa mpigo: ya nguvu za kujichomoa kutoka kwenye gamba la zamani, na ya malighafi ya gamba jipya. Wiki za mwisho hula sana, kisha huacha kula kabisa na kujificha. Siku yenyewe ikifika, hupasuka nyuma, hujivuta kinyumenyume, akatoka laini kama ulimi. Hapo ana saa chache tu za kuvimba kabla gamba jipya halijakauka.

Anavimbaje? Mwaka 1999 watafiti wa Bangor, huko Wales, waliokuwa wakimchunguza kaa wa pwani za Ulaya, walionyesha kwamba katika saa zile homoni ya sukari humiminika kwa wingi usio wa kawaida. Safari hii haitoki jichoni. Inatoka kwenye seli za utumbo, ambazo huizalisha kwa kipindi hicho kifupi tu na kuimwaga yote. Kazi yake ni kumfanya kaa ameze na kufyonza maji, mwili utanuke, gamba jipya liwe kubwa kuliko la zamani. Homoni ni ile ile, lakini imetoka mlango mwingine na kufanya kazi nyingine. Waliodhani jicho ndilo lenye kila neno ilibidi wasogee kidogo.

Usiku nao una sehemu yake. Wavuvi wa Gisenyi huingia ziwani jua likizama, mitumbwi mitatu imefungwa pamoja kwa milingoti mirefu, taa zikining'inia juu ya maji, nyimbo zikisikika hadi kwenye hoteli za ufuoni. Wanatafuta samaki waitwao sambaza. Wakati huo huo, chini ya mawe, kaa wanatoka kutafuta chakula. Kwa kamba wa maji baridi, watafiti wa Nijmegen, Uholanzi, walipima mwaka 1990 na kukuta kwamba homoni ya sukari hupanda katika saa za mwanzo za giza, na glukosi huifuata. Mnyama huandaliwa sukari kabla ya kazi ya usiku, na jicho linalopima mwanga ndilo lenye ghala la homoni. Ukilitazama hivyo, mahali pa tezi hapashangazi sana.

Na hao sambaza wanakula nini? Wanakula wadudu wa maji wasioonekana vizuri kwa macho, na wengi wao ni jamaa wa mbali wa kaa. Sambaza si mzaliwa wa Kivu. Aliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo ndiye kitoweo cha pande zote mbili za mpaka, Gisenyi na Goma. Lakini ujio wake haukuwa bure. Mwaka 1986 Henri Dumont, mwanabiolojia wa Ubelgiji, aliandika kwamba kiroboto maji mmoja wa jenasi ya Daphnia, aliyekuwa mlaji mkubwa wa mwani wa ziwa hili, ametoweka baada ya sambaza kuja. Walibaki wale wadogo zaidi na wepesi zaidi kukwepa. Daphnia ana jicho moja lisilo na kikonyo, lakini jenomu ya ndugu yake mmoja iliposomwa na kuchapishwa mwaka 2011, ikiwa ya kwanza kusomwa kwa krasteshia wote, yaani kaa, kamba na jamaa zao, homoni za ukoo huu wa sukari zilikutwa humo pia. Mfumo huu una umri mkubwa kuliko vikonyo vyenyewe.

Mnyama aliyechunguzwa sana kwa habari hizi anaishi jirani, ingawa si mwenyeji. Ni kamba mwekundu wa mabwawa, Procambarus clarkii, mzaliwa wa kusini mwa Marekani. Aliingizwa ziwa Naivasha mwaka 1970 kwa ajili ya biashara, na kwa muda alisafirishwa hadi Ulaya kwa walaji wa huko. Akazaana, akafyeka mimea ya majini, akaanza kula samaki walionaswa kwenye nyavu na kuzirarua nyavu zenyewe. Yupo pia ziwa Bunyonyi, Uganda, ambako hoteli za kandoni humpika kwa viungo na watalii humsifu. Nchini Kenya, Gerald Mkoji wa taasisi ya utafiti wa tiba, KEMRI, na wenzake walionyesha mwaka 1999 kwamba kamba huyu hula konokono wanaobeba kichocho, na kwamba mahali alipowekwa maambukizi ya watoto yalipungua. Kiumbe huyu, basi, ana wateteaji na washitaki, na wote wana hoja.

Kilichomfanya avamie mabara ni ustahimilivu, na ustahimilivu huo unategemea sana sukari. Ukimtoa majini, homoni ya kikonyoni hupanda, sukari hupanda, naye huweza kutembea usiku kucha kwenye majani yenye umande hadi bwawa jingine. Ukimwekea maji yenye madini ya sumu ya kadimiamu, sukari hupanda vilevile. Maabara ya Milton Fingerman, New Orleans, iliyoripoti habari hiyo katika miaka ya 1990, iliona pia kwamba kamba aliyeondolewa vikonyo vya macho hapandishi sukari namna hiyo. Mwaka 2014 watafiti wa Bordeaux wakaongeza kisa kingine. Walimpa kamba huyu mishtuko midogo ya umeme, wakamweka kwenye tangi lenye njia nne, mbili zenye giza na mbili zenye mwanga. Aliyeshtuliwa aligoma kuingia kwenye mwanga. Wakampa dawa ambayo madaktari huwapa watu wenye wasiwasi, akatoka akaranda kila upande. Kemikali ya ubongo iliyokuwa nyuma ya wasiwasi huo ni serotonini, ambayo ni mojawapo ya vichocheo vya homoni ya sukari. Anayesema kaa na kamba hawasikii kitu ana kazi ya kueleza hayo.

Hapa sayansi inaingia sokoni. Kaa koko wa mikoko, kuanzia Lamu na Mida hadi Rufiji na Mafia, husafirishwa akiwa hai, magando yamefungwa kwa kamba ngumu, hadi meza za Uchina. Kuna vikundi vinavyowanenepesha kwenye vizimba, kama kile cha Dabaso karibu na Watamu. Kila dakika kaa anayokaa juani, kila mtikisiko wa pikipiki, kila saa ya kukosa hewa, homoni inamwagwa na akiba ya glaikojeni inaliwa. Kwa kaa wa Ulaya imepimwa: kumtoa tu majini kunapandisha homoni upesi. Akiba ikiisha, kinachofika sokoni ni kaa mlegevu, asiyevumilia saa nyingine ya safari. Mfanyabiashara anamlaumu mvuvi, mvuvi anamlaumu dereva, na jua halitajwi.

Kuna jambo zito zaidi, nalo ni kukata jicho. Mwaka 1943 Mfaransa Jean Panouse aliona kwamba kamba jike aliyeondolewa vikonyo vya macho hukomaza mayai haraka. Sababu yake ni ile homoni ndugu inayozuia mayai, inayohifadhiwa kwenye doa lile lile. Kuanzia miaka ya 1970 vituo vya kutotoa kamba duniani viliifanya desturi: jike hushikwa, kikonyo kimoja hubanwa kwa koleo la moto au hufungwa kwa uzi, na baada ya siku chache hutaga. Kimoja tu, kwa sababu akipoteza vyote viwili hakawii kufa. Afrika Mashariki imeonja ufugaji huu kwa mikupuo: Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, katika miaka ya 1980, na ule mpango mkubwa wa delta ya Rufiji wa miaka ya 1990 uliopingwa na wanavijiji hadi ukafa. Madagaska ndiyo iliyoendelea nao kweli.

Utetezi wa ukataji ni wa hesabu: mayai mengi, kwa haraka, kwa bei ndogo. Lakini hesabu hiyo inahesabu homoni moja tu. Doa lile linahifadhi pia homoni ya sukari na ya kuzuia kujivua gamba. Anayelikata anaharibu usimamizi wa nguvu za mnyama wakati uleule anapomlazimisha kutengeneza mayai, kazi inayokula nguvu kuliko zote. Ndiyo maana majike waliokatwa huchoka mapema, na mayai ya baadaye hupungua ubora. Leo kuna wafugaji katika Amerika ya Kati wanaouza kamba waliozalishwa bila kukata jicho, kwa kuchagua wazazi wazuri, kuwalisha vyema na kuwapa mwanga na utulivu wanaoutaka. Inawezekana, basi, na atakayeanzisha kituo kipya pwani yetu leo hana sababu ya kuanza na desturi ya nusu karne iliyopita.

Kwa watu wa Rubavu, wilaya ya Gisenyi, habari hii ina upande mmoja wa haraka. Kivu lilikwisha kupokea mgeni mmoja, na Daphnia hakurudi. Kamba mwekundu anauzwa akiwa hai kwenye ndoo, anavumilia safari, anavuka nyasi kwa miguu, na homoni ya jicho lake inamlipia gharama zote hizo. Anayemnunua Bunyonyi na ampike hukohuko; asimlete hai Gisenyi, na asimmwage mto Sebeya wala ziwani, hata mmoja.